Mtoto wa miaka 7 ajichome insulini mwenyewe? Mama mkwe anasema namtesa

#1 Mama_Kihonda
Habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa mlio na watoto wenye kisukari aina ya kwanza.

Mwanangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Mwaka jana alianza kukojoa kitandani, kitu alichoacha tangu ana miaka mitatu. Akawa anaamka usiku kufuata maji kwenye ndoo, amekonda, na chooni sisimizi wanajaa pale anapokojoa. Tukapewa dawa za malaria, hazikusaidia, tukapewa za UTI. Siku ya nne akawa anahema kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbizwa, na mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitali ya pili ndiyo wakampima sukari. Ilikuwa 29, juu mno. Tulilazwa siku tisa.

Sasa ni mwaka na zaidi. Anachoma ile ya maji kabla ya kula, na ile yenye rangi ya maziwa usiku. Tulianza kwa yeye kuchagua kidole cha kutoboa. Baadaye akataka kubonyeza mwenyewe. Tangu mwezi wa kwanza anavuta dawa na anajichoma, mimi nimekaa pembeni.

Juzi mama mkwe amekuja kutoka Kilosa. Akamkuta mjukuu wake amekaa kwenye kigoda, ameng'ata shati kwa meno ili tumbo libaki wazi, amebana nyama kwa vidole viwili, anachoma. Mama alilia. Akaniambia, "Umemtwika mtoto mzigo wa mtu mzima. Utoto wake umeshaisha." Mume wangu kakaa kimya, na ukimya wake nao umeniuma.

Je, nimewahi mno? Wenzangu mlianza lini?

#2 Chapakazi
Dada pole. Lakini mimi nipo upande wa mama mkwe, moja kwa moja. Mtoto wa miaka 7 hatumwachii kisu cha kukatia nyanya, tutamwachiaje dawa ambayo ikizidi anaweza kuzimia asiamke? Akichoma 14 badala ya 4 nani atajua? Mzazi achome mpaka mtoto afike angalau darasa la sita.

#3 BabaWawili_MZA
Mama Kihonda, soma hii taratibu, maana yalinikuta.

Binti yangu aligundulika akiwa na miaka 8. Mwepesi wa kuelewa, hana woga. Alipofika 9 alikuwa anafanya kila kitu: kupima, kuvuta, kuchoma, kuandika kwenye daftari. Wageni wakija tunamwita aonyeshe. Tulijivunia, na sisi tukapumzika.

Daftari lilikuwa zuri mno. Asubuhi 6.1, mchana 5.8, jioni 6.4. Wiki hadi wiki. Alipofika 12, siku moja tukamkuta anatapika mfululizo, ulimi umekauka, anaongea asichokijua. Ketoni, zile asidi zinazojaa mwilini insulini ikikosekana, zimejaa. Daktari akachukua kimashine cha binti cha kupimia sukari, akabonyeza kile kitufe cha kumbukumbu. Mara ya mwisho kupima ilikuwa siku 19 nyuma.

Siku 19, na daftari limejaa! Nililiangalia lile daftari hospitalini usiku kucha. Alikuwa anabadilisha kalamu, bluu hapa, nyeusi pale, ili ionekane kweli aliandika siku tofauti. Mtoto wangu alikaa peke yake akafikiria mpaka suala la rangi ya wino, na mimi baba yake nilikuwa chumba cha pili naangalia mpira.

Kwa hiyo jibu langu: ndiyo, umewahi mno. Wanaoanza mapema wanachoka mapema.

#4 Nesi_wa_Zamani
Nimefanya kliniki ya watoto wenye kisukari miaka mingi kabla ya kustaafu, niruhusuni niseme kidogo.

BabaWawili, pole sana, na asante kwa kusema wazi. Lakini soma tena ulichoandika. Binti yako hakuharibikiwa kwa sababu mikono yake ilianza kazi akiwa na miaka 9. Aliharibikiwa pale ninyi mlipotoka chumbani. Hayo ni mambo mawili. Kuna kazi ya mkono: kutoboa, kuvuta, kuchoma. Na kuna kazi ya kichwa: leo kala nini, jioni atacheza mpira au la, sukari ya 13 kabla ya kulala maana yake nini, dawa inaisha lini. Mkono wa mtoto wa miaka 7 au 8 unaweza, nimewaona wengi. Kichwa hakiwezi, na wa miaka 12 bado anahitaji mtu. Miongozo ya ISPAD, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kisukari cha watoto na vijana, inasema hivyo hivyo: jukumu lihame polepole, mzazi abaki ndani mpaka ujanani.

Chapakazi, umegusa jambo kubwa bila kujua. Hatari ya kipimo ipo, na mara nyingi chanzo chake ni bomba lenyewe. Kwenye bomba la uniti 50 mstari mmoja ni uniti 1. Kwenye bomba la uniti 100 mstari mmoja mara nyingi ni uniti 2. Watoto wadogo wanapenda kuhesabu mistari badala ya kusoma namba. Siku duka la dawa likikupa bomba tofauti, mtoto atavuta mistari minne ileile aliyoizoea na dozi itakuwa mara mbili. Mama Kihonda, hebu mwangalie mwanao anafanyaje: anasoma au anahesabu?

#5 Chapakazi
Hilo la mistari sikulijua. Nimepokea. Msimamo wangu haujabadilika.

#6 KijanaWaInsulini
Mimi ndiye huyo mtoto mnayemjadili. Niligundulika nikiwa na miaka 6, sasa nina 31, nipo Arusha.

BabaWawili, nilidanganya daftari miaka miwili kamili. Uchovu haukuwa sababu. Nilidanganya kwa sababu namba 17 nyumbani kwetu ilikuwa kesi. Mama akiiona, neno la kwanza: "Umekula nini?" La pili: "Sema ukweli." Mara nyingine sikula chochote, ilikuwa mafua tu, maana mwili ukiumwa sukari inapanda hata usipokula. Lakini nani angeniamini? Mtoto anajifunza haraka kwamba 6 inaleta amani na 17 inaleta vita, basi anaandika 6.

Shangazi yangu aliyenichukua baadaye alikuwa na tabia moja. Nikimwambia 18, anasema, "Asante kwa kupima. Sasa tufanye nini?" Basi. Sikuwa tena na sababu ya kudanganya. Na aliacha kabisa kusema "sukari mbaya". Alisema ya juu, ya chini, ya katikati. Ni maneno tu, lakini kwa mtoto "mbaya" linamwendea yeye, haliendi kwa sukari.

#7 BabaWawili_MZA
Nimekusoma kaka. Imeniuma, kwa sababu na mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo. Ila binti nilipomuuliza baadaye, nimemshika mkono, hakusema aliogopa. Alisema, "Baba, nilichoka. Kila siku, kila siku, hata Krismasi." Kwa hiyo kwangu uchovu upo. Usiufute.

#8 Mzee_wa_Gairo
Vijana mnazunguka. Hawa watoto wamelishwa biskuti na soda, ndiyo kisukari kimekuja. Zamani tulikula viazi na mtama, hatukuyaona haya. Mtoto wa mpwa wangu alianzishiwa sindano, wakampa unga wa mlonge na mdalasini asubuhi na jioni, mwezi wa pili dozi ikashushwa karibu hadi sifuri. Yuko mzima. Sindano za nini kwa mtoto wa miaka 7?

#9 Nesi_wa_Zamani
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, hapo siwezi kunyamaza, maana kauli hiyo imeua watoto.

Kwanza, kisukari aina ya kwanza hakiletwi na biskuti. Kinga ya mwili yenyewe inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Anaweza kupata mtoto anayenyonya ambaye hajawahi kuonja soda. Na kusema zamani hatukuyaona: walikuwepo, wakafa kabla hawajapimwa, ikaandikwa malaria kali au ikasemwa wamerogwa. Muulize Mama Kihonda, juzi tu mwanawe alitibiwa malaria na UTI.

Pili, huyo mtoto wa mpwa wako hakuponywa na mlonge. Baada ya kuanza insulini, seli chache zilizobaki hupata nafuu na kufanya kazi tena kwa muda. Wataalamu wanakiita kipindi cha fungate. Dozi inashuka sana, wazazi wanashangilia. Kinaweza kudumu miezi kadhaa, kwa wengine mwaka au zaidi, kisha kinaisha. Mtoto aliyeachishwa sindano wakati huo atarudi hospitalini na ketoni. Tafadhali, piga simu leo uulize mtoto anaendeleaje na kama bado wanampima.

#10 Chapakazi
Kongosho nalo linakwenda fungate! Nesi, leo umenifundisha makubwa. Mzee wa Gairo, piga hiyo simu mzee wetu, tunasubiri.

#11 Kisauni_254
Hamjambo, nawasoma kutoka Mombasa. Kijana wangu yuko miaka 10. Mimi naunga mkono aanze mapema, na sababu yangu ni moja: mimi sipo naye saa zote. Asubuhi yuko skuli, alasiri yuko madrasa. Sukari ikishuka pale mbele ya ustadhi, mama yake hayupo.

Mwaka juzi ilimshuka katikati ya darasa. Mkono ulianza kutetemeka, jasho, akaanza kujibu ovyo. Mwalimu akadhani ni ukaidi akamsimamisha kwenye kona. Kumbe mwenzake wa dawati moja, mtoto wa jirani yetu, alikuwa anajua. Alikimbia dukani akamletea soda nusu lita, akanywa yote. Akapona. Tangu hapo nimemfundisha yeye, na huyo rafiki yake, na mwalimu. Wote watatu.

#12 Nesi_wa_Zamani
Huyo rafiki apewe zawadi, kweli kabisa. Nirekebishe kipimo tu ili wasomaji wengine wasichukue nusu lita kama dozi. Soda nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50. Mtoto anahitaji kama gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 25 ni gramu 7 au 8, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida isiyofika theluthi ya glasi. Subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini ya 4 rudia. Ukimpa nusu lita utaikuta 20 jioni, halafu kesi ya "umekula nini" inaanza. Kama hawezi kumeza au amezimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, kimbiza hospitali.

#13 Dada_Minneapolis
Salamu kutoka Marekani. Wa kwangu ana miaka 6, ana sensa mkononi. Inasoma sukari kila dakika tano na kutuma kwenye simu yangu nikiwa kazini. Yeye hajui hesabu za dozi lakini anajua mishale. Mshale ukielekea chini anamwendea nesi wa shule na kusema, "Mshale wangu umelala." Nadhani hiyo ndiyo njia: mpe mtoto sehemu anayoielewa. Mwanzoni nilidhani mashine itanipa usingizi. Hainipi. Kengele inalia saa nane usiku, naamka mimi.

#14 Chapakazi
Dada, nakufurahia kwa ajili ya mwanao, ila huku wengine hata stripu za kupimia zinahesabiwa. Mtu ana boksi la 50 anataka limfikishe mwezi mzima. Hapo unamwambiaje mtoto apime mara nne?

#15 Nesi_wa_Zamani
Ndiyo maana msiache kliniki. Huu mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanza 2009, Tanzania imo na Kenya imo, unatoa insulini na vifaa bure kwa watoto waliosajiliwa. Ukiwa hujui pa kuanzia, uliza Chama cha Kisukari Tanzania au kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa iliyo karibu. Stripu zikiwa chache kweli, pima kwa zamu: leo kabla ya chai na kabla ya kulala, kesho kabla ya chakula cha mchana na cha jioni. Baada ya siku chache unaona picha nzima. Na wafundisheni kunawa mikono kwanza. Mtoto aliyetoka kula embe akatoboa kidole hicho hicho, kimashine kitasema 15 wakati damu ina 7. Watoboe ubavuni mwa kidole, si katikati, katikati panauma na ndipo anaposhikia penseli.

#16 Mwalimu_Bweni
Niongeze upande wa shule. Nina wanafunzi wawili wenye kisukari bwenini kwetu, mmoja kidato cha kwanza, mwingine cha tatu. Mnabishana kati ya woga na uchovu. Mimi ninachokiona ni aibu. Yule wa kidato cha kwanza alifika anajua kila kitu, mama yake alimfundisha vizuri sana. Lakini alikuwa anachomea chooni, amejifungia, gizani, kwa sababu wenzake walianza kunong'ona kwamba anatumia dawa za virusi. Akaanza kuruka sindano za mchana. Umahiri wote wa miaka mitano ukazimwa na mnong'ono wa wiki mbili.

Tulikaa na bweni zima, yeye mwenyewe akaeleza, akawaonyesha kimashine, wakataka wote wapimwe. Sasa anachoma kitandani kwake mchana kweupe.

Jingine: tulitunza dawa kwenye friji ya matroni, mtu akaisogeza karibu na sehemu ya barafu. Ikaganda, ikayeyuka, tukaendelea kuitumia bila kujua. Sukari ilipanda siku nne mfululizo, na nakiri kwa masikitiko kwamba tulimlaumu mtoto kuwa anakula pipi kwa siri. Insulini ikishaganda imekufa. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake.

#17 Bibi_Shambani
Nasaidiwa kuandika na mjukuu mkubwa. Wanangu, nimesikiliza yote akinisomea.

Mimi namlea mjukuu wa miaka 8, mama yake alishatangulia mbele za haki. Umeme hatuna. Dawa naiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, namwagia maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Daktari aliona akasema ni sawa.

Mnasema mtoto asivute dawa. Mimi macho yangu hayaoni ile mistari. Nikiishika naona weupe mtupu. Siku za kwanza nilimfuata jirani, anatoka shambani saa mbili usiku, mtoto amekaa na njaa anasubiri sindano ndipo ale. Mwisho akaniambia, "Bibi, mimi naona." Tangu hapo yeye anasoma, mimi nashika mguu wake. Sikuchagua. Kila siku namwomba Mungu asikosee.

#18 KijanaWaInsulini
Shikamoo bibi. Nimesoma nikasimama kwanza.

#19 Chapakazi
Shikamoo bibi, na pole sana. Nilipoandika pale juu nilifikiria nyumba yenye watu wazima wanne na taa. Swali langu la "mtoto aanze lini" halina maana kwa bibi huyu. Lakini hilo linanifanya niulize upya: kwa nini tunamwachia mtoto wa miaka 8 asome dozi peke yake, wakati kijijini kuna mwalimu, kuna zahanati, kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii? Hata mtu mmoja wa kuja jioni?

#20 Nesi_wa_Zamani
Bibi shikamoo, na hongera kwa hicho chungu, kinafanya kazi kweli. Ukienda kliniki, uliza kama kuna kalamu ya insulini. Ukizungusha, kila uniti inalia "tik". Unaweza kuhesabu kwa sikio, naye anasoma kwa jicho, mkilingana ndipo achome. Haipatikani kila mahali, lakini uliza. Na mwambieni abadilishe sehemu za kuchomea. Watoto wanapenda kurudia palepale pasipouma, panavimba kama mafuta magumu, dawa haiingii vizuri.

#21 Mchangani_Unguja
Assalamu alaykum. Naomba nitoke kidogo kwenye mada. Binti yangu wa miaka 9 anataka kufunga Ramadhani kama dada zake. Nimemwambia hajabaleghe, haimlazimu, na ugonjwa unampa ruhusa. Analia. Anasema, "Mimi kila kitu mgonjwa." Nifanyeje?

#22 Kisauni_254
Waalaykumu salaam. Kwangu lilitokea. Tulimpa kazi ya kufuturisha: yeye ndiye anagawa tende, na yeye ndiye anatangaza magharibi. Hakufunga, lakini futari haikuanza bila yeye.

#23 Nesi_wa_Zamani
Kwa mtoto wa miaka 9 jibu la Kisauni ni zuri kuliko langu. Kwa wakubwa watakaofunga wakiwa wameshauriana na daktari: kutoboa kidole kupima hakubatilishi saumu, masheikh wengi wamelisema. Na ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, anafungua palepale, hakuna kusubiri adhana.

#24 KijanaWaInsulini
Kuna jambo huwa linanipa nguvu, niliseme. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu Januari 1922 huko Toronto, aliyechomwa wa kwanza ni mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Mwaka huohuo akaletwa msichana, Elizabeth Hughes, baba yake alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Alikuwa anakaribia miaka 15, amebaki mifupa kwa sababu tiba pekee kabla ya hapo ilikuwa kushinda njaa. Alijifunza kujichoma mwenyewe. Akasoma, akaolewa, akazaa, akafariki 1981. Kwa hiyo kujichoma si jambo jipya, na haliui utoto. Kinachoua utoto ni kuachwa peke yako nalo.

#25 BabaWawili_MZA
Miaka 14 si 7, kaka. Huyo alikuwa binti mkubwa. Na kuna kitu kingine hatujakisema: balehe. Binti yangu alipoanza kukua, dozi ileile haikufanya kazi. Daktari alieleza homoni za ukuaji zinaipinga insulini, ikabidi iongezwe karibu nusu. Fikiria mtoto anachoma vizuri, kwenye chakula hakosei, na bado kimashine kinamwambia 16. Hata mimi ningeacha kupima. Kwa hiyo woga, uchovu, aibu, na mwili wenyewe. Sijui kipi kilimwanza.

#26 Mzee_wa_Gairo
Nimepiga simu. Wameacha kupima tangu mwezi uliopita. Mtoto ameanza kuamka usiku kunywa maji. Nimewaambia waende hospitali asubuhi hii, na nauli nimetuma. Nesi asante.

#27 Nesi_wa_Zamani
Asante wewe mzee. Wasisubiri matokeo ya malaria, waseme mlangoni kwamba ana kisukari. Utujulishe.

#28 Mama_Kihonda
Samahani nimechelewa, nilikuwa nawasoma tu. Nesi, nimefanya ulichosema na mikono bado inatetemeka.

Huwa natumia mabomba ya uniti 50. Kabatini kulikuwa na moja la uniti 100, tulipewa siku ambayo madogo yaliisha. Nikamwita, nikamwambia, "Nivutie nne, ya kujaribu tu, hutachoma." Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akapiga piga bomba kwa kucha kutoa mapovu kama alivyofundishwa. Midomo inacheza: moja, mbili, tatu, nne. Akanipa huku anatabasamu. Ilikuwa nane.

Miezi yote hii nimekaa pembeni nikimwangalia mkono unavyochoma. Sikuwahi kumwangalia macho yanafanya nini.

Sikumgombeza. Tulikaa sakafuni tukasoma namba kwenye mabomba yote mawili mpaka akaona mwenyewe. Akaniuliza, "Kwa hiyo mistari inadanganya?" Nikamwambia haidanganyi, ila kila bomba lina lugha yake. Lile kubwa nimelitoa nyumbani.

#29 Chapakazi
Unaona sasa? Nane. Mpe mpaka darasa la sita, dada.

#30 Kisauni_254
Mimi naona kinyume. Amejua leo akiwa na miaka 7, mama yake pembeni. Angeanza akiwa na 13 angelijulia bwenini.

#31 BabaWawili_MZA
Mama Kihonda, kimashine kina kumbukumbu. Kiangalie pamoja naye, wala usifanye kwa kificho. Mimi na binti sasa tunakaa Jumapili jioni, tunapitia wiki nzima, na nimeapa kutouliza alichokula. Wiki iliyopita zilikuwepo tano za juu na aliniambia kabla sijabonyeza.

#32 Mwalimu_Bweni
Na mama mkwe je? Ameshaondoka?

#33 Mama_Kihonda
Bado yupo. Nilimsomea huu uzi, hasa wa bibi wa shambani. Alinyamaza muda mrefu. Jioni mtoto alipovuta dawa, mama akaomba miwani yake. Akalishika bomba karibu na taa, akasoma, "Nne." Mtoto naye akasema, "Nne." Ndipo akachoma. Jana asubuhi hivyohivyo, jana usiku hivyohivyo. Baba mtoto naye jana alikuja kusimama mlangoni kuangalia, hakusema kitu, lakini alikuja.

Mama hajasema kama nilikosea au la. Kesho anarudi Kilosa, na mtoto ameshaanza kuuliza nani atashika zamu ya bibi.